Mguu wa Kushoto

Ilianza Mei, mvua ilipoichimba njia ya Mihang'o:
ko, halafu kimya, halafu ko-ko,
kama mtu anayebisha hodi huku akiona haya.
Nikadhani ni jeki imelegea butini.
Nikaifunga kwa leso kuukuu.
Ko.

Gari lenyewe dogo, langu na la chama cha akiba,
miezi kumi na tisa barabarani, rangi ya maji ya mchele,
na kijitabu cha dhamana nakihifadhi pamoja na vyeti vya watoto:
"Miaka mitatu au kilomita laki moja,
kitakachotangulia."
Maneno hayo niliyasoma kama mtu asomavyo kiapo cha ndoa,
haraka, nikitabasamu.

Enterprise Road, kwenye karakana ya walioniuzia,
sakafu inang'aa, ungeweza kuandalia chai.
Kijana aitwaye Muthengi akaliendesha dakika saba
juu ya lami iliyopigwa pasi,
akarudi akaandika: "Hakuna sauti iliyosikika."
Mara ya pili: "Hakuna sauti iliyosikika."
Mara ya tatu wakanioshea gari.

Wahenga walisema kelele za mlango
hazimnyimi mwenye nyumba usingizi.
Wahenga hawakuwa na mkopo wa miezi arobaini na minane.
Mimi nalala nikilisikia shimo la pale kwa muuza makaa,
nikilisikia tuta lisilopakwa rangi,
na kitu changu kikiliwa polepole.

Nikaenda Kirinyaga Road.
Fundi Ochola hakuuliza mwaka wala kijitabu.
Alilishika gurudumu la mbele, akalitikisa
kama anayepima jino la mtoto.
"Mama, bushi imekwisha. Boljointi nayo inaanza kucheza.
Nikikufungulia hapa, watasema nimeharibu mimi.
Warudie. Ila usikubali walijaribie kwao.
Homa ya usiku haipimwi mchana."

Basi Jumanne nikamwambia Muthengi: panda.
Outering tukaipita bila neno,
gari limejikaza kama mtoto mbele ya mgeni,
hata nikaanza kuona aibu.
Kisha lami ikaisha.
Ko. Ko-ko. Ko.
Muthengi akaweka kalamu chini, akashika dashibodi.
"Hata kwetu Ruai ni hivi hivi," akasema.
"Unaendesha nini?"
"Natembea, kutoka stendi."

Meneja alikuwa na sauti laini na tai ya buluu.
Bushi, alinieleza, ni sehemu ya kuchakaa,
sawa na soli ya kiatu.
Dhamana inafidia kosa la kiwanda,
na barabara, mama, si kiwanda.
Nikasema: basi niuzieni gari la barabara hizi,
au mniuzie barabara ya gari hili.
Akacheka. Mimi sikucheka.
Muthengi, nyuma yake, alikuwa akiandika kwa mkono
mistari mitatu ambayo sikuonyeshwa.

Baada ya wiki mbili, simu:
mkono wa chini wa kushoto utabadilishwa,
bila malipo, kwa hisani ya kampuni.
"Na wa kulia?"
"Wa kulia haujalalamika."

Nilipochukua gari, Muthengi alinipenyezea kitu
kilichofungwa kwa gazeti: bushi yangu ya zamani,
mpira umepasuka kama kisigino cha kiangazi.
Kidogo hivi. Kinaenea kiganjani.
Hiki ndicho kilichobeba uzito wangu, wa watoto,
wa magunia mawili ya viazi vya Molo,
na hakuna aliyewahi kukiuliza hali.

Nimekisokomeza chini ya mlango wa jikoni,
ule uliokuwa ukijibamiza kwa upepo.
Mlango umenyamaza.
Gari nalo, kushoto, limenyamaza.
Lakini tangu Jumapili, pale kwa muuza makaa,
nazima redio, nateremsha kioo cha upande wa pili,
nawaambia watoto shh.