Majina Mia

Walimwambia: andika majina mia.
Nereida akaandika kwa kalamu ya mwanawe,
mezani, Torreón, feni ikizunguka bure:
mama, mimi, Eufrosina wa saluni,
fundi friji, hata padri.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.
Hiki alikitembeza yeye, saa nane mchana,
viatu vikinata kwenye lami:
unga wa vanila, vidonge vya kijani,
chai ya kuyeyusha kitambi.
Nilichukua makopo mawili.
Nilikuwa nanunua amani, si unga.

Ubaldo, aliye juu yake, ana wa juu yake,
na huyo naye ana wake, simjui.
Pesa zilipanda ngazi. Makopo yalishuka,
yakajaa uvunguni, bafuni,
nyuma ya picha ya Bikira.

Mama akaacha dawa zake za kisukari
siku kumi na tisa.
"Unga unasafisha damu," alisema,
akijivunia bintiye.
Hospitalini daktari alisoma lebo mara mbili,
akauliza nani kauza.
Nereida aliinama, akafunga kamba ya kiatu
iliyokuwa imefungwa.

Mama yu hai. Anaona kwa jicho moja.

Makopo sasa yana maharage, misumari, vifungo.
Jana Ubaldo kapiga simu: mshindi hakati tamaa.
Dada alimsikiliza hadi mwisho, kwa adabu,
akatoa lile daftari.
Anapita tena nyumba kwa nyumba,
mikono mitupu.
Amefika jina la kumi na moja.