Saa Kumi Kasoro Dakika Ishirini

Nilikokotoa nikiwa ofisini, kabla misonobari haijakatwa:
kipenyo cha bomba, kimo cha anguko, uzito wa ukuta,
lita sita za maji kutoka ghorofa ya tano.
Jibu likaja: desibeli ishirini na saba.
Mkataba uliruhusu thelathini.
Nikatia sahihi, nikaenda kula.

Bi Gunvor Åkerblom wa ghorofa ya nne
ameandika barua kumi na moja, kwa mkono.
Miaka thelathini na minne alipanga barua posta ya Växjö;
hajui kukosea anwani.
"Bomba linasema," aliandika. "Njoo ulisikie."

Nilikwenda na kipimo changu, nikakisimamisha kwa miguu mitatu
katikati ya chumba, kama mgeni aliyekataa kiti.
Tukavuta maji ya choo cha juu, tukavuta tena.
Ishirini na saba. Nikamwonyesha.
Akaitazama namba kama mwenye njaa aliyeonyeshwa picha ya supu.

Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake.
Basi nikalala, kwenye kochi lake, Februari,
soksi miguuni, theluji dirishani.

Saa tisa na nusu taa yake ikawaka.
Akaketi, mikono magotini. Hakuna kilicholia bado.
"Dakika kumi," akasema.
Juu yetu Ljungström mwokaji akakanyaga sakafu,
hatua nne, kimya,
halafu maji.

Si kelele. Kelele ningeijua.
Ni mguno wa chini, wa kifuani,
ule ambao kipimo huupunja
kwa kuwa sikio, eti, haliujali.
Mbao ni nyepesi: mlio mzito hupita
bila hodi.
Ukaingia kwenye kochi, ukaingia kwenye meno yangu,
ukajikwaa kwenye kiwiko cha bomba, ukaenda zake.
"Hakunawa," akasema Bi Gunvor.

Asubuhi nilifungua ukuta. Skrubu moja,
ndefu kuliko iliyoagizwa, imepenya kishikizo cha bomba
ikauma nguzo.
Fomula yangu haina mahali pa skrubu hiyo,
wala pa dakika kumi za mwanamke anayengoja.
Nikaichomoa. Nikaweka mpira.

Wiki mbili baadaye akapiga simu.
Bado anaamka saa tisa na nusu. Anaketi.
"Sasa," akasema, "nalisikia friji."
Kisha, kama anayeulizia bei ya kitu asichokusudia kununua:
"Na yule mwokaji, ni mzima?"