Tarehe Mosi Januari

Abdirizak wa Luthuli, ghorofa ya pili,
aliitega sikio diski yangu, akaguna.
"Mama, hii inagonga. Nakili usiku huu huu,
usiitikise, usifungue kitu kingine."
Mia nane. Hakushuka hata shilingi.

Basi niko Umoja, saa nne na nusu,
nimeilaza juu ya kanga iliyokunjwa mara nne.
Inakoroma. Tik. Inakoroma. Tik.
Kando yake kompyuta mpya, nyembamba kuliko kitabu cha tenzi,
Syombua kainunua kwa mshahara wake wa kwanza.
Mita ya stima inasema: yuniti moja nukta mbili.
Ukanda wa kijani unasema: asilimia tisa.
Kununua kwa simu kumekwama tangu magharibi.
Haya, tuone nani atafika.

Diski hii ilikula chumvi kibandani kwangu Kariobangi,
Chapa, Nakala, Laminesheni.
Nilichapa wasifu wa wanaotafuta kazi
na wasifu wa waliokwisha kupumzika.
Neno ni lile lile. Tofauti ni nani anausoma
na kama mwenyewe yupo kusikia.

Betri ya saa ndani ya ile mashine ilikufa mapema.
Mpya ilikuwa shilingi hamsini,
na kila nilipozipata zilikuwa na kazi nyingine.
Kila asubuhi mashine iliamka ikiamini
ni tarehe mosi Januari, elfu mbili na mbili.
Sikubishana nayo. Nilikuwa na foleni mlangoni.

Ndiyo maana sasa zinapita mbele yangu
na zote ni za siku hiyo moja:
bajeti ya harusi, bajeti ya mwisho,
bajeti ya mwisho kabisa, bajeti ya mwisho HII NDIYO;
barua ya kuomba muda wa karo,
barua ya kuomba muda wa ule muda;
Syombua bila meno, Syombua na meno;
wasifu wa Bwana Otwori, aombaye kazi ya ulinzi;
wasifu wa Bwana Otwori, aliyeacha mjane na watoto wanne.
Siku ndefu ajabu.
Asubuhi yake nilikuwa mchumba wa mtu,
jioni nilikuwa na binti na deni la kodi.

Asilimia hamsini na nane, kompyuta ikasita.
Kuna faili nyingine yenye jina hili. Badilisha? Ruka?
PICHA 004.
Katika folda moja: mimi, mtoto, na Nzioka kanishika bega,
nyuma yetu pazia la studio, maporomoko ya maji.
Katika folda nyingine: pazia lile, mtoto yule, mimi.
Nilimkata mwenyewe, mwaka aliohamia Athi River kwa mwenzangu,
nikakata vizuri, polepole, kwa kipanya,
na begani pangu vikabaki vidole vinne
visivyo na mwenyewe.
Chini kabisa kulikuwa na jibu la tatu, kwa herufi ndogo:
Weka zote mbili.

Tisini na sita, stima ikaenda.
Jengo zima likasema "Aaah."
Diski ikazunguka kidogo kwa mazoea, ikanyamaza.
Kompyuta mpya, yenye betri yake, haikuhisi kitu.

Nne kwa mia zimebaki ng'ambo. Sijui ni zipi.
Nimefungua moja, nikasoma tarehe zake gizani:
Imebadilishwa: mosi Januari 2002.
Imeundwa: leo.
Ati imebadilika kwanza, ndipo ikazaliwa.

Nikamtafuta Otwori.
Umevuka wasifu mmoja tu.
Miaka arobaini na mmoja, afya njema, hana rekodi ya uhalifu,
anazungumza Kiswahili, Ekegusii na Kiingereza kidogo.
Mstari wa mwisho aliusema mwenyewe, amesimama mlangoni,
kofia mkononi, nami nikauchapa bila kuinua macho:
Niko tayari kuanza mara moja.