Safu ya Tisa

Vitongoji tisa, na pesa za gari moja la wagonjwa.
"Litafutie kitovu," akasema Bwana Chilumba wa mipango,
akanipa pikipiki, lita sita za petroli na daftari la mistari.

Wiki mbili nilizipima njia za uwanda wa Newala,
si kwa kilomita (mchanga mwekundu hauzijui kilomita)
bali kwa dakika. Mnauke hadi Chihanga, thelathini na moja.
Chihanga hadi Nandimba, ishirini na moja,
kama hawajaanika korosho barabarani.
Nandimba hadi Lyenje
nikaipanda, nikaisukuma, nikaipanda,
nikaisukuma.

Usiku, kwa taa ya simu, nikajaza jedwali:
safu tisa kwenda kulia, tisa kushuka,
sifuri zimekatiza mshazari
kama mkanda wa mkoba kifuani.
Nikajumlisha kila safu.
Jumla ndogo kuliko zote: Mnauke, penye soko,
penye ghala, penye duka la Diwani.
Hesabu na Diwani wamekubaliana.
Nikalala vizuri.

Asubuhi nikamkuta Bi Somoe Nambunga, mkunga,
akimenya ming'oko. Hakuacha kumenya.
"Nisomee safu ya tisa. Ya Lyenje."
Nikasoma: hadi Mnauke, dakika mia na kumi.
"Nani kakwambia uchungu hujumlishwa?
Watu mia wa sokoni wakiokoa dakika tano tano,
Asinati wa Lyenje atarudishiwa chenji?"

Nikafuta jumla zote kwa raba, karatasi ikatoboka.
Nikaanza upya: katika kila safu nitafute namba kubwa,
yule wa mwisho kufikiwa, aliye peke yake;
kisha kati ya hizo kubwa niokote iliyo ndogo.

Kati ikahama.
Ikatoka sokoni, ikapita msikiti, ikapita shule,
ikaenda kutua Nandimba: kaya ishirini na sita, kisima kikavu,
mahali ambapo mtu hafiki
ila akiwa njiani kwenda kwingine.

Diwani akacheka hadi akakohoa:
"Kitovu gani hicho kisicho na tumbo?"
Bi Somoe akapangusa kisu kwenye kanga.
"Vitovu mia tatu nimevikata mimi.
Hakuna hata kimoja nilichokikuta sokoni."

Mwakani, wakisema lipo gari la pili,
kanuni ni fupi, nimeiandika kwa wino:
simama penye la kwanza,
uliza nani yuko mbali zaidi,
nenda kwake.

Kwa sasa Lyenje inasoma hamsini na nane.
Nimeizungushia duara, nimepigiwa muhuri, nimepongezwa.
Hamsini na nane.
Zihesabu wewe, moja moja,
ukiwa umeshika ukuta.