Nakala ya Pili

Saa mbili usiku, Perth Road, Dundee. Mvua ya hapa
hainyeshi, inanung'unika tu kwenye kioo.
Nimepanga mistari mitano kwenye skrini:
chachu, nzi, samaki, panya, mtu.
Herufi zile zile ishirini zimetungwa kama shanga,
na kistari kifupi kila palipodondoka ushanga.

Protini hii hushona uzi wa DNA uliokatika.
Kwa chachu ipo moja.
Kwa mtu zipo mbili.

Callum anauliza zinafanana kiasi gani.
Asilimia thelathini na moja, namjibu,
lakini kufanana si undugu, Callum.
Kwetu mtu hatambuliwi kwa pua.
Huulizwa: wa mlango upi? Wa tumbo la nani?
Na akishajibu, twavuka kwenda upande wa pili
kusikia kama nao wanamtaja.

Basi nimemtuma wa panya amtafute wa karibu yake
kati ya protini elfu ishirini za mtu,
nikamtuma aliyetajwa arudi kutafuta kwa panya.
Wametajana. Hao nimewaandika bila wasiwasi:
kilichowatenga ni safari tu,
kila mmoja alihamia mwili mwingine
na sindano yake ile ile.

Shida ni huyu wa pili.
Yeye hakusafiri. Alizaliwa nyumba hiyo hiyo,
siku jeni ilipojirudia kwa bahati mbaya, au njema.
Mwenzake alibaki na kazi ya kale.
Yeye, kwa kuwa hakuna aliyemtegemea,
akapoteza herufi hapa, akaokota nyingine pale,
na sasa hashoni tena. Anakaa ukingoni mwa seli
akilinda kitu ambacho sijakijua.

Sisi tulizaliwa Muheza, mimi nyuma yake kwa robo saa.
Kulwa alibaki: kisukari cha mama, mbuzi, msiba wa baba.
Mimi Doto niliachwa huru nikasome.
Jana kanitumia sauti ya dakika nne.
Mahali fulani katikati alicheka
nikageuka, nikidhani nimecheka mimi.

Callum ameshavaa koti. Andika "haijulikani," anasema,
twende, basi la mwisho halingoji.
Nimeandika: ukoo mmoja, mlango wa pili.
Kwenye safu ya kazi
nimeweka kistari.