Nafasi ya Vidole Vinne

Huniita usiku, hawaniiti mchana.
Hutumwa mtoto, miguu peku, tochi ya simu mkononi:
"Mzee Shaame, bibi asema kaja tena."
Hataji jina. Hapa Makangale
ngawa hatajwi baada ya magharibi,
nami, nadhani, sitajwi kabla yake.

Nachukua gongo langu la mpera.
Ujira wangu mayai: matatu kwa ngawa, moja kwa cheche.
Mwewe sina bei yake, mwewe ana mbingu.
Katika matatu, moja huwa viza.
Sisemi kitu. Nalivunja nyuma ya nyumba,
nacheka peke yangu.

Bi Mize alikuwa na tetea mweusi,
vifaranga kumi na mmoja,
na kuchi wa marehemu mumewe,
jogoo mrefu kama mgeni aliyenyimwa kiti.
Jumatatu vifaranga walibaki tisa. Jumanne sita,
na mabawa ya tetea yametandazwa uani
kama mtu kaanika mkeka kwa haraka.

Nikalizunguka banda, napapasa.
Nyuma ubao umeoza: nafasi ya vidole vinne.
"Bi Mize, hapa pazibwe."
"Ukishamuua, nizibe kwa ajili ya nani?"

Nikakaa juu ya ndoo.
Ng'ambo ya barabara msitu wa Ngezi
popo wakigombea kungu. Mbu wakanila.
Saa nane akaja, mdogomdogo, hana haraka,
kama mwenye nyumba anayerudi kutoka kazini.
Madoa mstari kwa mstari, mkia wa pete.
Akainusa ile nafasi. Akapima kichwa.
Sitasema alinitazama. Hakunitazama.
Alitazama chakula chake.

Pigo moja halikutosha.

Nikichinja kuku nasema bismillahi.
Yule haliwi, hachinjwi;
nikasimama mdomo wazi, hauna neno.
Mpaka leo neno lake silijui.

Na ile harufu!
Zamani, babu akisimulia, watu walimfuga kizimbani,
wakamkamua zabadi, wakaitia chupani,
bibi harusi akapakwa nyuma ya sikio.
Ndiyo hiyohiyo iliyonishika mikono.
Nikasugua kwa majivu, kwa ndimu,
kwa mchanga wa Vumawimbi.
Ikabaki.

Ijumaa, kanzu safi, udhu kamili.
Imamu akageuka: "Nyoosheni safu, zibeni nafasi."
Kushoto kwangu Hamadi Khatibu, mwenye kuku hamsini,
niliyemuulia wanne mwezi wa Mfunguo Sita,
akasogea. Kidogo tu. Wala si nusu hatua.
Nikatazama zulia baina ya mguu wake na wangu:
vidole vinne.
Nikaswali na lile tundu ubavuni,
upepo unapita.

Simjutii ngawa. Kifaranga naye ni roho,
na daftari za mjukuu wa Bi Mize
hutoka kwenye mayai yale, viza na yasiyo viza.
Lakini Jumamosi nilikwenda
na kipande cha ubao wa mvinje na misumari saba.
Sikuitwa. Saa nne asubuhi, jua kali,
majirani wote wanaona.
Bi Mize akatoka na ungo:
"Shaame! Mchana? Kuna nini?"
"Naziba."
"Mayai mangapi?"
Nikabana msumari kwa meno ili nisijibu.

Nyuma ya banda, chini ya mgomba,
mwengine alishapita, kaacha choo chake,
chote mbegu za mapera.
Baadhi zimeanza kuota.