Risiti ya Trekta

Bi. Mwikali, kuna jambo sikuliandika.
Ukifungua ripoti yetu ya Mei, ukurasa wa nne, utaona:
Mafunzo ya walezi, siku tatu, Ahero.
Washiriki arobaini. Chai, maandazi, daftari, nauli.
Sahihi zipo zote. Nyingi nilizitia mimi,
kwa kalamu mbili, nikiupinda mkono
ili herufi zisifanane.

Hakukuwa na mafunzo.
Kulikuwa na maji.

Nyando ilivunja kingo usiku wa Jumanne,
ikaingia Kobura bila kupiga hodi,
ikapanda vitandani,
na baridi ndiyo huiamsha selimundu.
Kufikia alfajiri watoto sita walikuwa wakiililia mifupa yao.
Okal mdogo hata kulia alikuwa ameacha.
Trekta lilikuwa moja tu, la kulimia mpunga,
na mwenyewe, Gumbe, alitaka pesa mkononi:
za dizeli, na za hofu.
Nikafungua sanduku. Nikayahesabu mafunzo yako
noti baada ya noti
juu ya boneti yenye matope.

Risiti alinipa. Ninayo.
Karatasi ya daftari, alama ya kidole gumba,
na wino ulioondoka na mvua.
Ungeipeleka kwa nani karatasi kama hiyo?
Mimi nilijua pa kuipeleka: chini ya godoro.

Usinielewe vibaya. Hujawahi kunivunjia heshima.
Umekuja mara mbili, umekula mbuta wetu hadi mifupa.
Lakini wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone;
sisi kila ulipokuja tuliugua wiki nzima,
tukipaka chokaa, tukiwafunza watoto kutabasamu,
tukiuficha mzani mbovu nyuma ya pazia.
Na fomu yenu ina nafasi pana ya Mafanikio,
ya Changamoto ni maneno hamsini.
Maneno hamsini hayavuki hata mtaro.
Tena mkono mtupu haulambwi, kweli,
ila ulimi unaolamba
hauna wasaa wa kusema.

Jana nikakupigia. Nikasema yote, hata zile kalamu mbili.
Ukanyamaza.
Nikasikia kijiko kikigonga kikombe huko Nairobi,
nikaanza kuuzika mradi kimoyomoyo:
nani atamwambia Nereah mshahara umekwisha,
dawa zilizobaki ni za wiki ngapi.

Kisha ukauliza, "Okal yuko wapi sasa?"

Hukuuliza trekta.
Nikakwambia yuko darasa la pili,
anakosa shule Ijumaa za kliniki,
anapenda hesabu za kutoa kuliko za kujumlisha.
Ukacheka kidogo, kama mtu aliyejikwaa.
Ukasema nawe una karatasi chini ya godoro:
uliwaambia wakubwa wako kwamba kliniki yetu imeezekwa,
nawe ulikuwa umesimama ndani yake
ukitazama mawingu.
Kwa sababu nao wana fomu.
Kwa sababu juu yao pia yupo mtu anayependa picha.

Sijui kama hii ndiyo imani. Bado mapema.
Umesema sahihi zile huwezi kuzitetea,
kwamba utayapeleka yote mezani, ya kwangu na ya kwako,
na huenda mwaka huu tukapunguziwa.
Nimekubali. Nimelia pia, jikoni, nikikata sukuma,
na sijui nililia nini hasa, hasara au wepesi.

Lakini leo nimeitoa ile risiti.
Nimeianika dirishani, nimeibana kwa kijiwe,
na ukiinamisha kichwa, jua likiwa upande,
alama ya dole la Gumbe inaonekana,
mistari yake kama shamba lililolimwa.

Alhamisi ukija hatutapaka chokaa.
Njoo na gambuti.
Mzani bado mbovu;
nitauweka mlangoni.